Tone la Soda ya Machungwa

Chaani, Changamwe
Jumapili, 5 Mei 2024

Kwa Shangazi Nyamvula,

Shikamoo. Natumaini mlifika Mishomoroni salama na mvua haikuwakuta njiani. Kadenge wako aliniambia zamani kwamba tangu masikio yako yapungue huwezi tena kuongea kwa simu, na ujumbe wa simu nao unakuumiza macho, kwa hiyo mwenye neno na wewe aandike barua, tena kwa herufi kubwa. Basi naandika. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa shule, na ilikuwa ya kuomba kazi ambayo haikuwepo. Utanisamehe makosa, najua ulikuwa mwalimu.

Nashukuru sana kwa jana. Nyumba yetu ni ndogo na nyinyi mlikuja kumi na wanne, lakini sikumsikia hata mmoja akinung'unika kukaa kwenye mikeka ya kuazima. Baba anasema hajapata kuona watu waliokuja kuposa wakasifu samaki wa Mama namna ile. Mzee Gona, msemaji wenu, alipoomba sahani ya tatu, Mama ilibidi aende kucheka jikoni. Na leso uliyonivika, Shangazi, nimeyasoma maneno yake mara nyingi: "Nimekupokea kwa mikono miwili." Bado sijaikata. Mchana kutwa nashona nguo za watu kule kiwandani, lakini hii naogopa kuitia mkasi.

Sasa ile habari ya soda. Kadenge alikuwa amenieleza vizuri. Kwenu msichana huletewa kinywaji mbele ya wazee wa pande zote mbili, akimkubali mwanamume anakunywa kwa mrija, halafu anampa babake chupa. Zamani kilikuwa tembo la mnazi, na siku hizi nyinyi watu wa kanisa mnatumia soda. Hata mazoezi nilifanya. Bahati mbaya nilipovuta, kikohozi kikanibana, ndiyo ile soda ya machungwa ikanimwagikia kwenye gauni jeupe. Ilikuwa kikohozi tu, labda vumbi la mikeka. Niliona ukiniangalia na sikutaka ulale na wasiwasi.

Gauni limetoka doa. Kila Jumamosi naenda sokoni Kongowea kuchukua mboga za kibanda cha Mama, na Kadenge alinionyesha jirani yako Mwanasaumu anayeuza nazi pale. Nitampa yeye barua hii.

Wako mwenye shukrani,
Roseline binti Odhiambo


Mishomoroni, Kisauni
Jumanne, 14 Mei 2024

Mwanangu Roseline,

Marahaba. Barua yako nimeletewa, inanuka nazi, na nimeisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, kujipima. Hati yako ni nzuri. Makosa ni mawili na sitayataja.

Mwambie mama yako Margret kwamba tangu Jumamosi ile Gona hajaacha kumtaja. Anasema samaki wa pwani amekuja kupikwa vizuri na mtu wa bara, na mimi nimemwambia aseme taratibu, mkewe anasikia. Mwambie na babako Odhiambo namshukuru kwa heshima aliyotupa. Alipoona sisikii, alikuja akakaa karibu nami akaniandikia mwenyewe kwenye ubao wangu mdogo. Watu wengi hunipigia kelele tu.

Kuhusu kikohozi, nimesoma. Masikio yangu yamekwisha, mwanangu, lakini macho Mungu ameniachia. Nilikaa hatua mbili kutoka kwako. Niliona ukitabasamu upande mmoja wa uso, na upande wa pili soda inatoka, polepole, mpaka kidevuni. Kikohozi sikukiona.

Nimemwambia Gona asiendelee. Ile siku ya mwezi wa sita aliyoiweka ya kupanga harusi, nimeiondoa. Mimi ndiye niliyemlea Kadenge tangu kaka yangu na mkewe walipotutoka, na katika jambo hili nikisema basi, ni basi. Yeye nimemwambia asubiri na sababu sikumpa. Nawe usijisumbue kumweleza.

Pumzika. Fikiri. Ukiwa na neno, liandike kama lilivyo umpe Mwanasaumu.

Shangazi yako,
Nyamvula


Kongowea
Jumamosi, 18 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea hapa hapa, nimekaa kwenye magunia ya vitunguu, na nimeielewa. Sitabishana.

Uliuona uso wangu. Si wewe peke yako. Kanisani kwetu kuna dada aliniuliza kama naumwa, na mwingine akaniuliza taya langu limekwenda wapi. Nina sababu ya uso huu kuwa hivi, na sababu hiyo nimeificha hata kwa Kadenge. Mtu aliyeficha hana haki ya kulia akifungiwa mlango. Lakini nimelia, kusema ukweli, na watu wa vitunguu wamenipa pole wakidhani ni vitunguu.

Nakushukuru hata hivyo, na hili naliandika kwa moyo. Miaka miwili Kadenge hakuwahi kuja kwetu mikono mitupu. Mara papai, mara madafu, mara ule mkate wa sinia, kila mara akisema, "Shangazi amesema." Mama alikuwa akiniambia, nyumba inayokutumia chakula kabla haijakuona hiyo usiichezee. Mimi sikuichezea. Nilitaka tu nionekane mzima siku moja ile.

Leso narudisha, vipande vyote viwili, haijakatwa. Nimeipiga pasi. Maneno yake ni mazito, na si haki nikae nayo.

Mungu akutunze,
Roseline


Mishomoroni
Ijumaa, 24 Mei 2024

Mwanangu Roseline,

Leso imefika. Nimeiweka mapajani, na Mwanasaumu aliponiuliza kwenye ubao kuna nini, nikamwomba kalamu. Sasa nakuandikia jambo ambalo Kadenge halijui, na Gona halijui, ingawa Gona alikuwepo.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na minane. Mtu aliyekuja kuniposa alikuwa na mashamba na alikuwa na hasira, na yote mawili yalijulikana. Kwetu wakati huo msichana hakuulizwa. Aliletewa tembo la mnazi kwenye kibuyu, na mrija, na wazee wamekaa. Mdomo wa kusema la sikuwa nao. Nikafikiria njia moja tu. Nilivuta tembo nikalijaza mdomoni, nikaliachia litoke upande mmoja, polepole, kila mtu aone. Sisi watu wa mbari yetu tunasema kilichotoka hakikupokelewa. Nilijua hawatakosa kuelewa.

Mama yangu alichukua ncha ya leso yake akanipangusa mdomo. Akasema, "Amemeza." Vigelegele vikapigwa.

Nilikaa na mtu yule miaka kumi na mmoja, mpaka alipokufa. Miaka hiyo sitaiandika, karatasi hii ni ya mtu mdogo. Mama simlaumu, naye aliogopa. Lakini katika watu wote waliokaa pale, na walikuwa wengi, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa akaniuliza.

Basi mwanangu, nilipoiona soda inatoka mdomoni mwako, upande, polepole, nilijua ninachokiona. Nikasema moyoni, huyu hapanguswi. Ndiyo sababu nikamzuia Gona. Sikukuandikia wazi mara ya kwanza kwa sababu niliogopa babako atasoma. Na uliporudisha leso nikajua sikukosea. Umesema la kwa adabu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona.

Nakushukuru. Hutajua umenifanyia nini. Kadenge ni mwanangu na ni kijana mwema, anatengeneza majokofu ya watu na harudi nyumbani na maneno ya watu. Nampenda. Lakini simtakii mke aliyepanguswa mdomo, kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Huna haja ya kumkabili. Jumapili hii baada ya ibada atakuja kula, na nitamwambia mimi. Nitasema Roseline hataki, na asikusumbue. Ataumia, kisha atapona. Wewe nenda na amani yako, na mwambie mama yako samaki wake nitamkumbuka.

Nyamvula


Kongowea, mezani kwa Mwanasaumu
Jumamosi, 25 Mei 2024

Shangazi,

Namtaka Kadenge. Usimwambie kitu. Nimeanza na hilo ili hata mvua ikiilowesha karatasi hii uwe umesoma mstari wa kwanza.

Mwanasaumu ameninyofolea kurasa za daftari lake. Anasema leo atafunga saa nane badala ya saa kumi, na nisimcheleweshe. Kwa hiyo naandika haraka na makosa utayahesabu mwenyewe.

Shangazi, mimi husaga meno. Nikilala nasaga, mdogo wangu Faith anasema ni kama mtu anaburuta kiti sakafuni. Nikiwa kwenye cherehani nabana, kila mshono nabana. Miaka minne sasa kila asubuhi naamka na kichwa, na masikio yananiuma, na taya halifunguki kupitisha hata andazi. Mwaka jana gego lilipasuka kwa njugu tu. Daktari wa meno, Daktari Kaviha, aliniambia, "Meno yako si mabovu, unayasaga mwenyewe." Akanitengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa nikilala. Niliitafuna ikatoboka kwa miezi mitatu. Ndipo akasema kuna sindano.

Ni dawa iliyotokana na sumu ya kijidudu, lakini wanaitumia kidogo sana, na kazi yake ni kuulegeza msuli wa taya usibane kwa nguvu zote. Aliniambia niume meno. Msuli ukatokeza hapa shavuni kama yai. Akatia alama kwa kalamu, akachoma mara tatu huku na mara tatu huku. Ilikuwa tarehe 18 Aprili. Siku kumi baadaye niliamka, Shangazi, na kichwa hakikuuma. Nilikaa kitandani nikiyasubiri maumivu yaje. Hayakuja. Nililia mpaka Faith akaamka.

Daktari alinionya kabla. Alisema kwa watu wachache dawa husogea kidogo ikaugusa msuli wa tabasamu, na upande mmoja wa mdomo ukalegea kwa wiki kadhaa. Mimi nimekuwa kati ya hao wachache. Siku ya posa upande wangu wa kushoto haukuweza kuushika mrija. Nimevuta soda kwa moyo wote na mdomo umeivujisha. Nimerudi kwa daktari, ameniangalia, anasema itajirudi yenyewe, nisiwe na haraka.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ni sindano hiyo hiyo wanayochoma wale wa kwenye picha, wanaotaka taya lipungue wawe na uso mwembamba. Kina mama wa kanisani kwetu walishawasema, wanaisahihisha kazi ya Mungu. Na mimi taya langu limepungua kweli. Nilikuwa na taya la Baba, pana, kila mtu analijua. Niliogopa mtasema kijana wenu anaoa mwanamke aliyejichonga. Kwa hiyo nikasema kikohozi. Na ulipoandika kwamba umeiondoa siku, nilidhani ni kwa ajili ya uso. Nikairudisha leso kwa hasira, halafu hasira hiyo nikaipiga pasi nikaiita adabu.

Leo nimesoma habari za mwaka 1979 nimesimama katikati ya wachukuzi na mikokoteni, wakinipigia kelele nipishe. Mwanasaumu akanivuta akanikalisha. Nilikuwa nasema umenifungia mlango. Kumbe umesimama mlangoni ili mtu asinivute kwa nguvu. Hakuna mtu amewahi kunifanyia hivyo, na umenifanyia bila kunijua. Hata kama kweli ningekuwa simtaki, ungekuwa umeniokoa. Sijui nikushukuru vipi.

Nakuomba moja tu. Kesho Kadenge nimwambie mimi mwenyewe, habari ya sindano na ya uongo wangu, kabla hajaja kula kwako. Nimeshampigia simu aje Chaani asubuhi. Hajui ni nini na sauti yake inaogopa.

Mwanasaumu amesimama na mkoba begani.

Roseline


Mishomoroni
Alhamisi, 30 Mei 2024

Mwanangu Roseline,

Mwanasaumu alikuja na bodaboda, yeye ambaye ameapa miaka yote hatapanda bodaboda. Akanishikisha karatasi zako mlangoni kabla hajavua viatu. Nikausoma mstari wa kwanza nikakaa chini, na mingine nikaisoma nimekaa.

Kwanza nikugombeze, maana ni haki yako. Kikohozi kile kilikuwa karibu kivunje nyumba ambayo haijajengwa. Ungeandika "Shangazi, mdomo wangu umelegea kwa dawa," tungekuwa tumemaliza siku ya kwanza. Usinifanyie tena.

Pili nijigombeze mwenyewe, na hapa fimbo ni kubwa. Miaka thelathini nimefundisha watoto wadogo kwamba swali huulizwa kwanza, jibu likaja baadaye. Nikauona mdomo wako, nikajijibu. Miaka yote nimelia kwamba hakuna aliyeniuliza, kisha nikakaa mbele yako hatua mbili na nisikuulize. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakuona wewe.

Tatu ni hiyo sumu yako. Nilitaka kucheka, mtu adungwe sumu kisha ashukuru. Lakini niliposoma habari ya yai la shavuni nikaacha kucheka. Magego yangu mimi yalisagika yakaisha kabla sijatimiza miaka thelathini, katika nyumba ile. Nilikuwa nasema ni maji ya kisima, yana chumvi. Watu wote wa kisima kile walikuwa na meno yao. Basi juzi nimeweka vidole hapa nikauma haya machache niliyobakiwa nayo, na yai nimelikuta. Bado lipo. Mwambie Daktari Kaviha kuna mwanamke wa Mishomoroni anaomba kuangaliwa, si lazima sindano, aangaliwe tu.

Kadenge alikuja Jumapili akitokea kwako, amechelewa, chakula kimepoa. Aliuchukua ubao wangu akaandika, "Nilijua anatafuna upande mmoja. Sikumuuliza." Kumbe tangu mwaka jana anakukatia nyama vipande vidogo sahanini na wewe unadhani ni mapenzi tu. Nikamwandikia, "Basi nyumba yetu nzima ni ya watu wasiouliza." Akaufuta ubao akaandika, "Nimemuuliza leo." Jibu lako hakuniandikia, lakini alikula wali wote uliopoa, na mboga, na akaosha sufuria.

Hao kina mama wa kanisani kwenu waambie mimi navaa miwani na Mungu hajanilalamikia.

Sasa nisikilize. Gona amekubali turudi Jumamosi, tarehe 6 Julai. Tutakuja wachache. Mrija hautakuwepo. Utakunywa kwa kikombe, au kwa kijiko, au utatia kidole ukilambe, utakavyo. Kabla ya kunywa utaulizwa, kwa maneno, na utasubiriwa. Na kwa kuwa mimi sisikii, jibu lako nataka kulisoma kwenye ubao.

Leso inarudi kwako. Ikate sasa. Kipande kimoja chako, kingine nipindie unipe siku hiyo. Na hizi ndizi za nazi alizobeba Mwanasaumu ni za mchana, hazihitaji taya.

Shangazi yako,
Nyamvula


Chaani
Jumapili, 7 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumba imefagiwa, mikeka imerudishwa kwa wenyewe, na Mama amelala mchana, kitu ambacho sijawahi kukiona. Nami nimekaa kuandika, maana jana nilikuwa na maneno mengi na ubao wako ni mdogo.

Asante kwa kikombe. Asante kwa Mzee Gona, aliyeniuliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara mpaka Baba akadhani anagombezwa. Na zaidi asante kwa kile kimya baada ya swali. Ilikuwa kama dakika nzima. Jibu nilikuwa nalo tangu zamani, Shangazi, lakini nilichelewesha makusudi. Nilitaka kujua kama kweli mtanisubiri. Mlinisubiri. Nilimwangalia kila mtu na nikaona ningeweza kusema la, na hakuna aliyeshika leso ya kunipangusa. Ndipo nikaandika ndiyo. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuandika neno hilo kwa furaha kama mimi jana.

Na lile tone. Nilidhani mdomo umepona, na karibu umepona, Faith anasema upande wa kushoto unakuja nyuma kidogo kama mtu aliyechelewa ibada. Tone moja likaponyoka. Shangazi zangu wa upande wa Baba wakashika pumzi. Wewe ukaninyooshea ubao tu, umeshaandika: "Dawa au moyo?" Nikaandika, "Dawa. Moyo umemeza." Kadenge alipousomea watu ule ubao, Mzee Gona alicheka mpaka akaomba maji.

Daktari Kaviha anasema nguvu ya dawa itapungua kati ya mwezi wa nane na wa tisa. Kubana kukirudi nitachoma tena, hata kabla ya harusi, na safari hii atachoma mbali zaidi na msuli wa tabasamu. Picha zikitoka na tabasamu la upande mmoja zitawekwa ukutani hivyo hivyo. Kadenge amekubali kabla sijamaliza kusema. Wewe nawe daktari anakusubiri Jumatano ijayo, nitakuja kukuchukua, na nitakuandikia kila anachosema.

Siku ya kwanza daktari aliniuliza, "Unabana nini?" Jibu bado nalitafuta. Lakini jana, tangu mlipoingia mpaka mlipotoka, sikubana.

Kuna jambo moja, na kama ni utovu wa adabu nisamehe, mimi ni mtoto. Jana kila mtu aliulizwa. Niliulizwa mimi, akaulizwa Kadenge, wakaulizwa Baba na Mama, hata Mzee Gona alijiuliza mwenyewe akajijibu. Wewe ulikuwa umeshika ubao na umevaa kipande chako cha leso. Nilipokuwa nakipinda wiki iliyopita nilikuwa nawaza mwaka 1979. Mama yako hayupo tena, mtu yule hayupo, na wazee waliokaa siku ile wengi wameshazikwa. Nikaona hakuna aliyebaki wa kukuuliza.

Basi nauliza mimi. Na nitasubiri mpaka Jumamosi, au Jumamosi yoyote.

Shangazi Nyamvula, siku ile walipokuletea kinywaji, ulikubali?

Mwanao,
Roseline


Mishomoroni
Jumamosi, 3 Agosti 2024

Mwanangu Roseline,

Kwa daktari tulikwenda, kanisani tumekaa benchi moja, na hukunikumbusha hata mara moja. Jumamosi tatu Mwanasaumu ameondoka kwangu mkono mtupu. Kila nikikaa kuandika najikuta naandika habari za mvua, na za Gona, na za bei ya nazi. Leo nimezichana zote.

Sikukubali.

Asante, mwanangu, kwa kuniuliza.

Nyamvula